Maswali na majibu ya sheria: Umeshikwa na kitu dukani, na ni mara yako ya kwanza

Barua nyingi za wiki hii zinahusu jambo moja, yaani mtu kushikwa dukani na kitu ambacho hajalipia. Nimechagua sita.

Kijana wangu wa miaka 22 alishikwa na walinzi wa duka kubwa hapa mjini Mwanza akiwa na manukato mfukoni. Hakuwa amefika kwa keshia wala mlangoni. Walimfungia stoo saa tatu nzima, wakataka alipe mara kumi ya bei. Ni halali? (Mama, Nyakato)

Mama, kutofika mlangoni peke yake hakumwokoi. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, yaani sheria kuu ya makosa ya jinai Tanzania, kinahesabu kuwa kitu kimechukuliwa pale kinapoondolewa kilipokuwa. Kinachobaki ni kuthibitisha nia ya kuiba, na hapo ndipo kesi nyingi za namna hii hufa.  Lebo ilikuwa imebanduliwa? Alikuwa na pesa ya kulipia? Kamera inaonyesha nini? Andikeni barua leo kuomba picha za kamera zihifadhiwe, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mashine hizo zikijaa hufuta picha za zamani zenyewe, na pengine picha hizo ndizo zingemtetea.

Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayemwona akiiba, lakini anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumfungia mtu stoo mpaka ndugu walete fedha ni kosa. Hiyo “mara kumi ya bei” haimo katika sheria yoyote, hata ikiandikwa kwenye bango kubwa namna gani. Mkilipa, kosa halijafutika, na kesho wanaweza kufungua jalada polisi huku fedha yenu imeshakwenda bila risiti. Kama alipigwa, achukue PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, siku hiyo hiyo. Hata mwizi wa kweli hapigwi, na watu wa mjini hapa wanaokimbilia kupiga wajue nao wanaweza kushtakiwa.

Vitu vyenyewe ni vya shilingi 6,000 tu. Naweza kufungwa? (Msomaji, Pasiansi)

Ndiyo. Swali hili linarudi kila mara na jibu halibadiliki: sheria ya wizi haina kiwango cha chini. Kifungu cha 265 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu kifungo cha hadi miaka saba. Udogo wa thamani husaidia wakati wa kupima adhabu, haufuti shitaka.

Mahakamani nilisema “ni kweli nilichukua, ila nilisahau kulipa”. Nikatiwa hatiani papo hapo. Askari ndiye aliyenishauri nikubali ili niwahi nyumbani. Nifanye nini? (Kijana, Kirumba)

Kata rufaa, na uwahi. Maneno yako hayakuwa kukiri kosa, kwa sababu aliyesahau hana nia ya kuiba. Hakimu alipaswa kuandika kwamba umekana, kisha mashahidi waitwe. Kama ilikuwa Mahakama ya Mwanzo, una siku 30 kwenda Mahakama ya Wilaya. Kama ilikuwa ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, toa kusudio la rufaa (taarifa kwamba utakata rufaa) ndani ya siku 10, na hati ya rufaa iingie Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Omba kwa maandishi nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri (kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani) sasa hivi. Kwa kawaida aliyekiri hawezi kupinga kutiwa hatiani, anapinga adhabu tu. Kwa hiyo rufaa yako itasimama juu ya hayo maneno “ila nilisahau”, na lazima yaonekane kwenye mwenendo.

Wengine msifike huko. Ushauri wa “kubali yaishe” unaharibu maisha ya vijana wengi kuliko wizi wenyewe. Ukiwa kituo cha polisi, soma au usomewe maelezo ya onyo, yaani maelezo yako yanayoandikwa na askari, mstari kwa mstari, na usisaini usichokisema. Una haki ya kumjulisha ndugu au wakili.

Kama kweli uliiba na unataka kukiri, kiri kwa mpango. Tangu 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na mwendesha mashtaka, yakasajiliwa mahakamani. Ukishatiwa hatiani, hakimu atakuuliza kama una la kusema kabla ya adhabu. Wengi husema “naomba msamaha” wakanyamaza. Eleza umri wako, wanaokutegemea, masomo au kazi, siku ulizokaa mahabusu, kwamba mali imerudi na kwamba huna kosa la nyuma. Kisha taja unachoomba. Kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu kuachiliwa, ama bila masharti, ama kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Kuna kuwekwa chini ya uangalizi, na kuna huduma kwa jamii pale hakimu anapoona kifungo kinachostahili hakizidi miaka mitatu. Hizi mbili za mwisho huhitaji taarifa ya afisa wa huduma za uangalizi, hivyo omba iandaliwe kabla adhabu haijasomwa.

Nina dhamana Mwanza, naishi Sengerema. Nikikosa tarehe moja kuna shida? (Msomaji, Sengerema)

Kubwa. Hati ya kukukamata itatoka, na mdhamini wako ataulizwa kwa nini asilipe fedha aliyoisaini. Daraja la Kigongo–Busisi, kati ya Mwanza na Sengerema, linapitika, kwa hiyo kisingizio cha foleni ya kivuko kimekwisha. Na dhamana ni bure, polisi na mahakamani. Anayekudai fedha “ya mafuta” mripoti TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113.

Binti yangu wa miaka 15 ameandikwa miaka 18 kwenye hati ya mashtaka. (Baba, Igoma)

Baba, acha mengine yote ushughulikie hili. Peleka cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki kama cheti hakipo, umwambie hakimu siku hiyo hiyo. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 shauri lake ni la Mahakama ya Watoto, faragha, afisa ustawi wa jamii akiwepo, na mtoto hahukumiwi kifungo. Asiwekwe mahabusu pamoja na watu wazima. Mara nyingi kosa hili huanzia kituoni, mtoto anapoulizwa umri mzazi akiwa hayupo.

Mwenye duka amenisamehe kwa maandishi. Kesi imeisha? (Dada, Buhongwa)

Bado, dada. Shauri likiwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, anayeshtaki ni Jamhuri. Ipeleke barua kwa mwendesha mashtaka, naye ndiye ataomba kuliondoa. Likiondolewa kabla hujaanza kujitetea, unaweza kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Itunze barua hiyo pamoja na nakala ya amri ya mahakama.