Nusu saa chini ya bahari bila hewa: ni kweli, ila Nalubaale (Ziwa Victoria) ni habari nyingine

Mkuu uliyeuliza kama kweli kuna mzungu alikaa nusu saa chini ya bahari bila hewa akatoka na akili zake timamu, jibu ni ndiyo, sio stori ya kijiweni. Anaitwa Chris Lemons, mpiga mbizi wa mambo ya mafuta kule Bahari ya Kaskazini, Septemba 2012. Mitambo ya kuishikilia meli yao pale pale ilizingua, meli ikaanza kusukumwa na mawimbi, ule mrija unaomletea hewa na maji ya moto na taa ukanasa kwenye chuma ukakatika, jamaa akabaki gizani mita kama 90 chini na mtungi wa akiba wa dakika chache tu. Mwenzake alipomfikia hana fahamu kitambo, akamburuta mpaka kwenye kile chumba chao cha chuma chenye hewa huko huko chini ya maji, wakamvua helmeti uso umekuwa bluu, mwingine akampulizia mdomoni mara mbili, jamaa akavuta pumzi mwenyewe. Mara mbili tu!

Wanaojua wanasema ni baridi, maji yalikuwa nyuzi 3 au 4 hivi na mwili ukipoa ubongo unadai oksijeni kidogo sana, halafu ile hewa ya presha aliyokuwa anavuta ilikuwa imemjaza oksijeni kuliko sisi wa huku juu. Kuna na daktari Msweden, Anna Bågenholm, 1999 huko Norwei alinasa chini ya barafu dakika 80, joto la mwili likashuka hadi 13.7, na akapona akarudi kazini.

Sasa sisi wa Majanji, huku ziwani Uganda, tusijidanganye. Ziwa letu ni vuguvugu, nyuzi 25 hivi, hakuna baridi ya kukutunzia ubongo, dakika nne tano bila hewa unaanza kuharibika. Hapa mwaloni mtumbwi wa mukene (dagaa) ulipinduka, kijana akatolewa amelegea povu puani, wazee wakataka wamning'inize miguu juu, wengine wamkamue tumbo ati maji yatoke. Mama mmoja muuza chai aliyewahi kufundishwa huduma ya kwanza akawafokea "Muacheni! Mlazeni chali!", akamziba pua, akampulizia mara tano mpaka tukaona kifua kinapanda, ndio akaanza kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, kupumzika hakuna. Kijana akakohoa, akatapika, wakamgeuza ubavu. Na hata alipoanza kuongea mama akakataa arudi nyumbani, akapandishwa boda mpaka hospitali maana mapafu yanaweza kukugeuka masaa baadaye.

Na yule Mnaijeria aliyenusurika ndani ya meli iliyozama, Harrison Okene, mpishi wa meli 2013, yeye hewa alikuwa nayo, meli ilizama mita 30 hivi akapata kijisehemu kisichoingia maji akakaa siku mbili na nusu, hatari yake ilikuwa hewa chafu ya pumzi zake mwenyewe. Baadaye akaenda kusomea upiga mbizi, hapo ndipo mimi nashindwa kumuelewa.