Fangasi wanaoishi ndani ya nyasi: kwa nini sahani zimejaa ukungu mweusi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nafundisha baiolojia hapa Bagamoyo. Nimesoma kwamba nyasi za porini hubeba fangasi ndani ya majani na mizizi bila kuugua, nikataka wanafunzi wangu wahesabu ni aina ngapi. Tulikata nyasi za ufukweni upande wa Kaole na nyingine kandokando ya barabara, tukaziosha vizuri kwa maji ya bomba, tukaziweka kwenye agari ya viazi, ule ute mgumu wa kuoteshea fangasi. Siku ya tatu kila sahani ilikuwa nyeusi na kijani, zote zinafanana. Hao ndio wenyewe? Halafu kuna mfugaji ameniuliza kama fangasi hawa ndio wanaolevya ng'ombe, maana alisikia habari hiyo kutoka nchi za nje.

JIBU: Mwalimu, salama. Hao sio. Ukungu mweusi wa ungaunga ni karibu hakika Aspergillus, na wa kijani ni Penicillium au Trichoderma. Hukaa juu ya jani pamoja na vumbi na chumvi ya upepo wa baharini, na maji ya bomba hayawaondoi, yanawasambaza tu. Kufanana kwa sahani zote ndiko kunakowaumbua. Fangasi wa ndani hutofautiana kipande kwa kipande, hata kwenye jani moja, na huchungulia kwenye makali yaliyokatwa. Wengi wao hukua polepole, siku ya tatu huwa bado hawajaonekana.

Anza upya kuanzia shambani. Chuma majani mazima yasiyo na madoa, uyatie kwenye bahasha za kaki. Mfuko wa plastiki kwa joto la pwani hutoa jasho upesi, na ukungu wa juu huanza kuota kabla hujafika maabara. Bahasha ziende kwenye deli lenye barafu, zisilowe, na kazi ifanyike siku hiyohiyo, au kesho yake ukikwama. Andika umri wa jani pia. Fangasi wengi wa nyasi za ukanda wa joto hawarithiwi kwa mbegu, bali huingia kutoka hewani, na mvua na umande huwasaidia. Kwa hiyo jani la chini lililokomaa hubeba wengi kuliko jani changa la juu. Ukilinganisha majani mazee ya ufukweni na machanga ya barabarani, utakuwa unapima umri ukidhani unapima mahali. Kausha pia mche mmoja wenye masuke katikati ya magazeti, kwa sababu nyasi isiyo na masuke ni kazi ngumu kuitambua hata kwa wataalamu wa hebariamu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani usikate hata jani moja bila kibali.

Sasa utakasaji, na hapa ndipo kazi nzima ilipo. Lengo ni kuua kila kilicho juu bila kufikia kilicho ndani. Kata vipande vya sentimita 5, vioshe kwa maji yenye tone la sabuni, kisha vitumbukize kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 30 hadi 60. Vitoe, viingie kwenye jiki kwa dakika 2 hadi 3, virudi kwenye spiriti kwa sekunde 30, halafu suuza mara tatu kwa maji yaliyotakaswa kwa presha, kila mara kwenye chombo kipya. Soma lebo ya jiki. Kama dawa yenyewe ni asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja na kimoja cha maji, utapata takriban 1.75, inatosha. Chupa iliyokaa dukani juani hupoteza nguvu, nunua mpya. Spiriti ya asilimia 95 hupunguzwa hivi: mililita 70 zake, ongeza maji hadi zifike 95. Usiache kuipunguza kwa kudhani kali zaidi ni bora, kwani spiriti kali hukausha ukuta wa chembe haraka na haipenyi vizuri. Na jiki na spiriti visimwagwe kamwe kwenye ndoo moja, hutoa mvuke wenye sumu.

Muda hutegemea jani. Nyasi ngumu ya ufukweni yenye nta, kama Sporobolus virginicus inayotambaa chini ya mchanga, hustahimili hata dakika 5 za jiki. Jani laini la ukoka likikaa muda huo linapauka kuanzia kingo, na ukiliona hivyo ujue umeua wageni pamoja na wenyeji. Fanya jaribio dogo la dakika 1, 2, 3 na 5 kwa kila aina ya nyasi kabla ya kazi yenyewe.

Ukimaliza kusuuza, kausha vipande kwenye tishu iliyotakaswa, kisha kata na kutupa nusu sentimita kila ncha, maana jiki imeingilia hapo. Kinachobaki kikate vipande vya milimita 3 hadi 5 kwa wembe uliopitishwa motoni, uweke vitano kwa sahani. Kabla ya kukata hivyo, gandamiza kipande kizima juu ya sahani tupu yenye agari kwa dakika moja, kisha ukiondoe. Kwenye sahani nyingine mwaga matone machache ya maji ya mwisho ya kusuuzia. Sahani hizo mbili ndizo mashahidi wako. Kikiota chochote juu yake, utakasaji haukufanikiwa na kundi zima unalitupa, hata kama sahani nyingine zinapendeza. Shule nyingi huruka hatua hii, na bila hiyo hesabu yote haina thamani.

Agari ya viazi ya kawaida ina sukari nyingi mno kwa kazi hii, inawapendelea wenye mbio. Tumia nusu: viazi gramu 100, glukosi gramu 10, agari gramu 15 hadi 18 kwa lita. Ipike kwa presha ya ratili 15 kwa dakika 20 baada ya mvuke kuanza kutoka. Bakteria wakisumbua, kloramfeniko ya miligramu 100 kwa lita inawazuia na haiharibiwi na joto la presha. Ni dawa ya cheti, ipimwe na mtu mzima mwenye glavu. Na kwa kuwa wazo hili halikosekani Bagamoyo: mwani unaolimwa Mlingotini hautoi agari. Spinosum na cottonii hutoa karagina, ambayo ni kitu kingine.

Weka sahani gizani kwenye nyuzijoto 25 hadi 28. Angalia kila siku kuanzia siku ya pili, kwa wiki nne. Uzi mweupe au wa kijivu ukijitokeza kwenye makali, usiusubiri ukue: kata ncha yake kwa sindano iliyochomwa motoni, uihamishie kwenye sahani yake peke yake, la sivyo jirani mwenye mbio ataufunika. Zungushia sahani nailoni ya kufungia chakula. Utitiri hupenda maabara zenye unyevu, hula fangasi na kubeba mbegu zao miguuni kutoka sahani hadi sahani. Ukiona njia ya vidoa vinavyofuatana juu ya agari, ndio hao. Sinia la sahani likae ndani ya beseni la maji ya sabuni. Sahani zilizojaa ukungu zisifunguliwe darasani, hasa kama kuna mwenye pumu. Zipikwe kwa presha dakika 30 ndipo zitupwe.

Kuhusu idadi ya aina, tahadhari. Chukua mimea 10 kwa kila eneo na vipande 10 kwa kila mmea. Vipande 37 kati ya 100 vikitoa fangasi, hicho ni kiwango cha ukaliaji, asilimia 37, si idadi ya aina. Kwa aina, panga fangasi kwa rangi ya juu, rangi ya chini ya sahani, kasi na umbo, kisha chora mstari wa jumla ya aina kadiri vipande vinavyoongezeka. Mstari ukiwa bado unapanda, huwezi kusema ziko ngapi. Tarajia Curvularia, Fusarium, Nigrospora, Colletotrichum na Cladosporium, pamoja na kundi la nyuzi zisizozaa mbegu kabisa, ambazo haziwezi kutambuliwa kwa hadubini. Hao husomwa kwa DNA, kwenye kipande kiitwacho ITS, ambacho tangu 2012 ndicho kitambulisho rasmi cha fangasi. Kwa Fusarium na Colletotrichum ITS peke yake haitoshi.

Wapo pia wasioota kwenye agari kamwe, kama fangasi wa mikoriza, wanaoishi kwa kushirikiana na mizizi. Chemsha mizizi myembamba kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, karibu na kuchemka, hadi ing'ae, suuza, kisha ichemshe dakika 3 kwenye siki nyeupe yenye asilimia 5 ya wino wa kalamu. Chini ya hadubini utaona vifuko vya buluu na vichaka vidogo ndani ya chembe. Nyuzi za kahawia zenye vizuizi ni kundi jingine. Hizo zina rangi yao wenyewe na nyingi huota kwenye agari.

Kukaa ndani si ushahidi wa urafiki. Colletotrichum anaweza kukaa kimya miezi na kuozesha jani likizeeka. Fusarium culmorum huozesha ngano, lakini watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2008 kwamba yule aliyetolewa kwenye nyasi ya ufukweni Leymus mollis huisaidia nyasi hiyo kuvumilia chumvi, ilhali wa aina hiyohiyo kutoka mahali pasipo na chumvi hawakuisaidia. Kwa hiyo fangasi wako wa Kaole hana sifa yoyote mpaka umrudishe kwenye miche safi: mbegu zilizotakaswa, mchanga uliopikwa, vyungu 10 vyenye fangasi na 10 bila, maji yenye chumvi sawa kwa wote.

Sasa mfugaji. Alichosikia ni kweli, ila ni cha nyasi za nchi za baridi. Fangasi wa jenasi Epichloë huishi ndani ya nyasi kama Lolium perenne na festuka, hurithiwa kwa mbegu, na baadhi yao hutengeneza ergovalini, inayobana mishipa ya damu hadi kwato na ncha ya mkia kuoza, au lolitremu B, inayotetemesha mifugo. Nyasi za kwetu kama ukoka, Panicum maximum na Hyparrhenia ni za tawi jingine la ukoo wa nyasi, na Epichloë si wa kwao.

Hatari ya pwani iko kwenye masuke. Fangasi aitwaye Claviceps huvamia ua la nyasi, hutoa utomvu mtamu unaonata, kisha kitu kigumu cheusi badala ya mbegu. Kwingineko ukoka wenye Claviceps cynodontis umehusishwa na ng'ombe kutetemeka. Mfugaji akate malisho kabla hayajatoa masuke, na akiona masuke yanayonata asiwape. Lakini ng'ombe akiyumba hapa Bagamoyo, amwite daktari wa mifugo kabla ya kulaumu nyasi, na asimshike mdomo, maana kichaa cha mbwa nacho huanza hivyo. Maji moyo, unaoenezwa na kupe, hutoa dalili hizohizo na huua ndani ya siku chache usipotibiwa.