Majani ya njano baada ya mvua: weka kando mfuko wa urea

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina bustani ndogo ya nyanya na pilipili hoho nyuma ya nyumba, karibu na ukuta. Mvua imenyesha karibu wiki nzima. Sasa majani ya nyanya yamekuwa ya njano, na mchana mimea inanyauka ingawa udongo umelowa chapachapa. Jirani aliniambia mvua imesomba mbolea yote, nikaweka urea. Hali imezidi kuharibika. Muuza pembejeo naye amenipa chupa ya busta, mbolea ya maji ya kunyunyizia majani. Nianze na busta au niongeze urea kwanza?

JIBU: Usianze na chochote kati ya hivyo viwili. Kila mvua zikikolea napata swali hili, na karibu kila anayeuliza anakuwa ameshamwaga mbolea.

Hebu rudia ulichoandika mwenyewe: mimea inanyauka, na udongo umelowa. Mmea uliopungukiwa nitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye urea, haunyauki. Hupauka taratibu kuanzia majani ya chini, hudumaa, lakini husimama wima. Unaonyauka huku umesimama kwenye tope ni mmea ambao mizizi yake imeacha kazi kwa kukosa hewa. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole takriban mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani, kwa hiyo matundu ya udongo yakishajaa maji, ile kidogo iliyobaki huisha upesi na nyingine haiji. Mzizi usiopumua hauna nguvu ya kuvuta virutubisho, na hata maji yaliyouzunguka hauwezi kuyapandisha vya kutosha. Kuuwekea urea ni kumtia tonge mdomoni mtu anayezama.

Jirani yako hakukosea kabisa. Naitreti, yaani nitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, husombwa na mvua kweli, na kwenye udongo uliokosa hewa bakteria huigeuza gesi ikapotelea angani. Lakini urea uliyoimwaga juu ya tope nayo sehemu kubwa hupotea vilevile, na inayobaki huongeza chumvi kwenye mizizi ambayo tayari inaugua. Ndiyo maana hali yako imezidi.

Usinisadiki mimi, chimba uone. Chagua mmea mmoja ulio hoi zaidi, uchimbue na udongo wake bila kuung'oa kwa nguvu, kisha suuza mizizi kwenye ndoo. Mizizi mizima ni myeupe na migumu kidogo. Iliyooza ni ya kahawia. Ukiibana kwa vidole viwili na kuvuta, ganda la nje huvuka na kukuachia kitu chembamba kama uzi. Nusa na udongo wenyewe. Ukiwa wa kijivu na unanuka yai viza, jibu umeshalipata. Mizizi ikiwa myeupe na mmea bado umenyauka, kata kipande cha shina karibu na ardhi ukining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria, na hauna dawa ya kunyunyizia. Ng'oa mmea huo, utupe mbali na bustani, na usirudishie hapo nyanya, pilipili, biringanya wala viazi mviringo.

Ila kwa maelezo yako nashuku zaidi maji ya paa. Watu huhesabu mvua inayoangukia kitanda na kusahau inayomwagwa na nyumba. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 50 huleta lita 250 kwenye kitanda cha mita za mraba 5, lakini upande wa paa wenye mita za mraba 40 hushusha lita 2,000, na kama hakuna gata, zote huangukia mstari mmoja karibu na ukuta. Simama hapo mvua ikinyesha uone yanakokwenda. Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza: gata, au mfereji wa kuyapeleka maji kwingine.

Kisha chimba mifereji kati ya vitanda, ukisimama kwenye njia. Usikanyage kitanda kilicholowa, maana kila hatua inafunga matundu ambayo mizizi inayahitaji. Vuta matandazo pembeni kwa siku chache ili uso wa udongo ukauke. Udongo ukishaacha kunata mikononi, pandishia nyanya kwenye shina, kwa sababu shina la nyanya huotesha mizizi mipya likifukiwa. Pilipili hoho usizifanyie hivyo. Hazina uwezo huo kama nyanya na huvumilia maji yaliyotuama kwa shida kuliko nyanya, basi mfereji uanzie upande wao. Majani yaliyokwisha kuwa ya njano usiyatazamie kurudi kijani. Angalia kilele. Kikitoa majani mapya mazima, ndipo unaweza kufikiria urea, isiyozidi gramu 10 kwa mita ya mraba, ifukiwe, na uhesabu ile uliyokwisha kuimwaga.

Sasa hiyo busta. Geuza chupa usome. Isipoandika asilimia ya nitrojeni, fosforasi, potasiamu au kirutubisho kingine chochote, umenunua maji ya rangi. Ikiandika, bado kinachoingia kupitia jani ni kidogo, na hakuna jani linaloweza kuupa hewa mzizi. Wapo wanaopiga busta pamoja na dawa ya ukungu kwenye majani yanayochuruzika, mvua inaziosha jioni ileile, kesho wanarudia. Dawa za ukungu za kopa (shaba) hukinga jani ambalo bado ni zima, haziponyi lililokwisha kuoza, na hazina msaada kwa mizizi iliyozama.

Nimechoka pia na wanaoshauri kumwaga mchanga kwenye udongo wa mfinyanzi ili "upitishe maji". Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hukauka ukawa kama zege. Anayetaka kuufungua mfinyanzi aongeze mboji msimu baada ya msimu na ainue vitanda. Majivu nayo hayana nitrojeni, hata uyarundike.

Na wale wanaotibu kwa picha ya simu bila kuuliza maji yanaelekea wapi, ukikutana nao uliza swali moja tu: chupa yao inatibu njano ipi? Ya mzizi uliokosa hewa, ya nitrojeni, ya virusi, au ya jani la chini linalozeeka tu?