Maswali na majibu: fedha, rushwa na kriketi ya India

Barua nyingi za safari hii zinahusu Ligi Kuu ya Kriketi ya India, IPL, na bodi ya kriketi ya India inayoimiliki, BCCI. Nimechagua saba. Zilizofanana nimeziunganisha.

Ndugu mwandishi, nasikia IPL ina fedha kuliko ligi nyingi za mpira wa miguu. Mashabiki wake wengi ni watu wa kipato kidogo kama sisi. Fedha zote hizo anatoa nani? (Msomaji, Tanga)

Zinatoka kwa watangazaji wa biashara, nao huzirudisha kwa kukuuzia wewe sabuni, soda na vifurushi vya simu. Mechi ya IPL ni ova 20 kwa kila timu. Ova moja ni mipira sita, na kila ova ikiisha pana mwanya wa tangazo. Juu ya hapo kuna mapumziko rasmi ya dakika mbili na nusu, mara mbili timu moja inapopiga na mara mbili nyingine inapopiga. Makocha huyatumia kupanga mbinu, televisheni huyatumia kuuza. Ni zaidi ya saa tatu kila jioni, kwa karibu miezi miwili, mbele ya soko la watu zaidi ya bilioni moja.

Mwaka 2022 BCCI iliuza haki za matangazo, yaani haki za kurusha mechi kwenye televisheni na intaneti, za misimu mitano, 2023 hadi 2027, kwa rupia bilioni 483.9, takriban dola bilioni 6.2. Zigawe kwa mechi 410 zilizokuwa kwenye zabuni: kila mechi inaingiza rupia bilioni 1.18 kabla hata mpira haujarushwa.

Haikuwa hivyo zamani. India ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1983 pale uwanja wa Lord's, London, bodi haikuwa na kitu cha kuwapa mashujaa wake. Mwimbaji Lata Mangeshkar ndiye aliyefanya tamasha, kila mchezaji akapata rupia laki moja. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Doordarshan, televisheni ya taifa, ilikuwa ikitaka bodi iilipe ndipo irushe mechi. Mwaka 1993 bodi ikauza haki zake kwa kampuni ya nje, ugomvi ukafika Mahakama ya Juu, na Februari 1995 majaji wakaamua kwamba mawimbi ya hewani ni mali ya umma na serikali haina haki ya kuyahodhi. Tangu hapo thamani ya haki hizo imekuwa ikipanda.

Yule Lalit Modi aliyeanzisha IPL yuko wapi siku hizi? (Msomaji, Mombasa)

Aliondoka India mwaka 2010 akahamia London. Bodi ilimsimamisha mara tu fainali ya mwaka huo ilipokwisha, baada ya yeye mwenyewe kuanika mtandaoni wamiliki wa hisa za timu mpya ya Kochi. Sakata hilo lilimng'oa waziri Shashi Tharoor serikalini. Septemba 2013 BCCI ikamfungia Modi maisha. Yeye hukana kwamba alikosa.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Dodoma. Naomba unieleze kashfa ya 2013. Kila ninaposoma naona majina mengi tu, sioni kiini. (Msomaji, Dodoma)

Marahaba mwanangu. Kiini kipo, ila kimefunikwa na taulo.

Usiku wa tarehe 16 Mei 2013 polisi wa Delhi waliwakamata wachezaji watatu wa Rajasthan Royals: S. Sreesanth, Ajit Chandila na Ankeet Chavan. Walidaiwa kupanga kipande cha mechi. Usifikirie kuuza mechi nzima. Mrushaji anakubali kwamba katika ova fulani ataachia mikimbio (yaani pointi) kadhaa, na wanaobeti wanajua mapema. Kwa madai ya polisi, katika mechi ya Mohali tarehe 9 Mei, Sreesanth alichomeka taulo kiunoni kama ishara kwamba ova inayofuata ndiyo yenyewe. Picha ya taulo lile ilizunguka dunia. Sreesanth alikana. Julai 2015 mahakama ya Delhi ikawaondolea mashtaka wote watatu. Bodi ilikuwa imeshamfungia Sreesanth maisha, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaitaka iangalie upya adhabu hiyo. Ikapunguzwa kuwa miaka saba.

Sasa weka taulo pembeni. Siku chache baada ya wachezaji kukamatwa, polisi wa Mumbai walimkamata Gurunath Meiyappan kwa tuhuma za kubeti kwenye mechi za IPL. Huyu alikuwa akijulikana kama mkuu wa timu ya Chennai Super Kings. Baba mkwe wake ni N. Srinivasan, bosi wa kampuni ya saruji ya India Cements iliyoimiliki Chennai, na wakati huohuo rais wa BCCI. Kampuni ikatoa taarifa kwamba Meiyappan si mmiliki wala mkurugenzi mtendaji, ni mwanachama wa heshima tu. Bodi ikaunda kamati ya majaji wastaafu wawili, kamati ikaona hana kosa. Siku mbili baadaye Mahakama Kuu ya Bombay ikatamka kwamba kamati yenyewe iliundwa kinyume cha sheria.

Ilikuwaje rais wa bodi awe na timu katika ligi ya bodi hiyohiyo? Kanuni ya BCCI ilikuwa inakataza kiongozi kuwa na maslahi ya kibiashara katika mechi za bodi. India Cements iliinunua Chennai mwaka 2008 kwa dola milioni 91, Srinivasan akiwa mweka hazina wa bodi. Mwaka huohuo kanuni ikarekebishwa, IPL ikawekwa kando ya katazo. Mimi naona hapo ndipo penye kashfa yenyewe. Fedha ya kupanga ova hupitishwa gizani na kila anayeipokea anajua ni haramu. Hii ilipitishwa mezani, ikaandikwa kwenye kitabu cha kanuni.

Ilichukua hadi Januari 2015 Mahakama ya Juu kuyafuta marekebisho hayo. Julai mwaka huo kamati ya Jaji Lodha, iliyoundwa na mahakama hiyo, ikazisimamisha Chennai na Rajasthan kwa miaka miwili, na kumfungia maisha Meiyappan pamoja na Raj Kundra, mmiliki mwenza wa Rajasthan. Srinivasan, ambaye Mahakama ya Juu ilikuwa imemweka pembeni BCCI, alikuwa ameshaukwaa uenyekiti wa baraza la kriketi la dunia, ICC, Juni 2014.

Kaka, Wakenya tulimpoteza Maurice Odumbe kwa miaka mitano kwa sababu ya mabuki (wachezesha kamari) wa Kihindi. Je, waliompa fedha waliadhibiwa na nani? (Msomaji, Nairobi)

Swali lako linauma na ni la haki. Machi 2003 Kenya ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia na India pale Durban, Odumbe akiwa miongoni mwa nguzo zake. Agosti 2004 akafungiwa miaka mitano kwa kupokea fedha kutoka kwa watu wa kamari. Vyombo vya kriketi vina mamlaka juu ya wachezaji na viongozi waliojisajili. Buki hajasajiliwa popote, kwa hiyo yeye ni kazi ya polisi na mahakama za nchi yake, na hizo zina mwendo wake.

Chukua mfano wa Hansie Cronje, nahodha wa Afrika Kusini aliyenaswa kwenye simu na polisi wa Delhi mwaka 2000. Alifungiwa maisha mwaka huohuo, akafa katika ajali ya ndege 2002. Sanjeev Chawla, aliyetajwa kuwa mtu wa upande wa pili wa simu zile, alirudishwa Delhi kutoka Uingereza Februari 2020. Miaka ishirini! Mchezaji ana jina, ana sura, ana uwanja unaojulikana, ndiyo maana hukamatwa kwanza. Simtetei Odumbe kwa hilo, lakini nakubaliana nawe kwamba mzigo haukugawanywa sawa.

Wewe unalaumu mfumo, ila wachezaji wanaogelea katika fedha. Rishabh Pant kanunuliwa rupia milioni 270! Unyonyaji uko wapi? (Msomaji, Muscat)

Pant aliuzwa kwa timu ya Lucknow kwenye mnada wa Jeddah, Novemba 2024, na ndiyo bei ya juu kabisa hadi sasa. Siwezi kumhurumia kwa mshahara wake. Ila tupige hesabu ya ligi nzima. Msimu wa 2025 kila timu iliruhusiwa kutumia kununua wachezaji rupia bilioni 1.2, pamoja na ada za mechi zisizofika rupia milioni 130. Timu ni kumi, jumla ya mafungu hayo mawili haizidi rupia bilioni 13.3. Haki za matangazo peke yake ni karibu rupia bilioni 97 kwa mwaka. Hata ukiongeza malipo ya ufanisi, wanaotazamwa wanapata chini ya sehemu ya sita ya fedha za kutazamwa, na hapo sijagusa wadhamini wala tiketi.

Na nani awasemee? Chama cha wachezaji kinachotambuliwa na BCCI tangu 2019 ni cha waliostaafu. Anayecheza leo hana chama. Mchezaji wa kiume wa India ambaye hajastaafu haruhusiwi kwenda ligi za T20 (kriketi ya ova 20) za nje, kwa hiyo mnunuzi ni mmoja tu. Mwaka 2007, ligi binafsi ya ICL ilipoanza, waliojiunga nayo walifungiwa na bodi. Hao hawakupanga mechi yoyote. Kosa lao lilikuwa kumfanyia kazi mwajiri mwingine.

Halafu tazama juu. Mumbai Indians ni ya Reliance ya Mukesh Ambani tangu 2008. Novemba 2024 Viacom18, iliyo chini ya Reliance, iliungana na Disney Star, yaani mshindi wa haki za intaneti na mshindi wa haki za televisheni wakawa nyumba moja. Zabuni ijayo itakapofunguliwa sijui ushindani utatoka wapi, na bei ikishuka atakayebanwa kwanza ni mchezaji.

Mahakama si ilishasafisha BCCI? (Msomaji, Kampala)

Ilijaribu kwa nguvu. Julai 2016 Mahakama ya Juu iliyapitisha mapendekezo ya kamati ya Lodha ya kuirekebisha bodi: mawaziri wasishike vyeo, waliozidi miaka 70 waondoke, kiongozi akishatumikia muda fulani apumzike kwanza. Januari 2017 ikamwondoa rais wa bodi, Anurag Thakur. Uchaguzi ukaja Oktoba 2019, na katibu akawa Jay Shah, mtoto wa Amit Shah, waziri wa mambo ya ndani. Muda wa kupumzika ulipomfikia hakuondoka, na Septemba 2022 mahakama ileile ikalegeza sharti. Desemba 2024 akawa mwenyekiti wa ICC. Simtuhumu wizi. Nasema katazo la mawaziri lina maana ndogo ikiwa nyumba ya waziri inaruhusiwa.

Kwenu Kampala hili linagusa mfuko. Katika mgawo wa ICC wa 2024 hadi 2027, India inachukua asilimia 38.5. Nchi zisizo wanachama kamili, Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda zikiwamo, ni zaidi ya 90, na zote kwa pamoja zinagawana asilimia 11 na ushee.

Shabiki wa kawaida anapata nini katika haya yote? (Msomaji, Mwanza)

Anapata mchezo mzuri, na hilo sitalidharau. Zaidi ya hapo nitakueleza ya Bengaluru. Tarehe 3 Juni 2025 Royal Challengers Bengaluru walitwaa ubingwa kwa mara ya kwanza, baada ya misimu 18. Kesho yake klabu ikatangaza mtandaoni shamrashamra za ushindi, umati ukamiminika uwanja wa M. Chinnaswamy, na kwenye msongamano wa malangoni watu 11 wakafa. Baraza la rufaa za watumishi wa serikali, likisikiliza shauri la afisa wa polisi aliyesimamishwa kazi, lilisema kwa mtazamo wa awali klabu ndiyo inayobeba lawama, kwa kuwa iliita watu bila kibali cha polisi.

Agosti klabu ilitangaza rupia laki 25 kwa kila familia. Kwa familia 11 ni rupia milioni 27.5, sehemu ya kumi ya bei ya Pant. BCCI ndiyo inayouza leseni za timu. Iandike kwenye mikataba hiyo nani anawajibika kwa usalama wa watu nje ya lango, na fungu la kazi hiyo litengwe kabla ya msimu kuanza.