Kabla hujasema kimeng'enya chako kina shaba

Dada mmoja anayesoma kemia hapa Lubumbashi ameniandikia. Amesaga viazi, amepata kile kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kinachovifanya kuwa vyeusi, amepima shaba na namba imetoka kubwa kupita kiasi. Anauliza kama hapo ni mahali pazuri pa kuanzia utafiti. Ni pazuri sana. Ila kwanza, mdogo wangu, hakikisha shaba hiyo ni ya kiazi, si ya mji.

Sisi tunaishi juu ya shaba na kobalti, na wakati wa kiangazi vumbi linatua kila mahali. Piga hesabu: maji yenye miligramu 0.1 tu ya shaba kwa lita yana mikromola 1.6 hivi (mikromola ni kipimo cha idadi ya chembe katika kila lita). Ukiyeyusha humo kimeng'enya cha mikromola 1, uchafu umeshaizidi protini yenyewe.

Kwa hiyo anza na vyombo. Chagua plastiki kuliko glasi. Mimina mililita 100 za asidi ya nitriki kali ndani ya mililita 900 za maji (asidi ndiyo inayofuata maji, usigeuze), loweka vyombo usiku kucha, suuza mara tano kwa maji yaliyoondolewa ayoni, kisha vikauke vikiwa vimefunikwa. Wengi huharibu hapo mwishoni: wameosha vizuri, halafu wanaanika karibu na dirisha. Vizibo vya mpira na glavu za mpira navyo hutoa zinki. Bafa (myeyusho unaotunza kiwango cha asidi) ya fosfati huikamata zinki na kuigandisha. Bafa ya Tris huishika shaba. Bafa ya Hepes yenye pH 7.5 haisumbui sana.

Mfuko wa dialisisi (unaopitisha chembe ndogo na kubakiza protini) uchemshe dakika 10 katika sodiamu bikaboneti ya asilimia 2 yenye EDTA (kemikali inayokamata metali) milimola 1, usuuze sana. Kwa mililita 10 za protini tumia lita moja ya bafa, ubadilishe mara tatu kwenye baridi. Umeme ukikatika, hamishia kwenye sanduku la barafu. Bafa ya mwisho iliyo nje ya mfuko usiimwage! Ipime pamoja na protini, kisha ipunguze namba yake kwenye namba ya protini. Bila hiyo, mimi siamini jedwali lolote.

Sasa ushahidi. Ondoa metali, kazi ikome. Irudishe, kazi irudi. Hesabu atomi kwa kila molekuli. Kwenye kiazi, mahali pa kazi pana atomi mbili za shaba zilizoshikwa imara, na mara nyingi EDTA haitoshi. Daietilidithiokabamati, kemikali nyingine inayokamata shaba, ina nguvu zaidi. Usijaribu kuthibitisha kwa vitamini C: inafuta weusi kwa kurudisha nyuma kwinoni (kemikali ambayo kimeng'enya hiki huitengeneza na ambayo huleta weusi), huku kimeng'enya kikiendelea na kazi yake. Ukishaondoa metali, ondoa na dawa uliyotumia, la sivyo itakula shaba utakayorudisha. Jaribu pia zinki, kobalti, nikeli na manganizi, kila moja kwenye mrija wake, kidogo kidogo. Shaba ikizidi hushika salfa za protini na kuiua, nawe utadhani umekosea metali.

Kwa kuhesabu, protini ya uzito wa molekuli 40,000 ikiwa miligramu 1 kwa mililita ni mikromola 25. Atomi moja ya zinki kwa molekuli itakupa miligramu 1.6 kwa lita, kiasi ambacho mashine ya kupima metali kwa mwali wa moto, kama zile za maabara za migodi, inakisoma bila shida. Ila mashine hizo hupitisha mawe yenye shaba tele kutwa nzima. Omba zamu ya kwanza asubuhi, na ubebe mirija yako mwenyewe.

Uvumilivu huu una malipo. Urease, kimeng'enya kinachovunja urea, iligeuzwa kuwa fuwele na James Sumner mwaka 1926, akapata Nobel mwaka 1946, lakini nikeli iliyomo ilitambuliwa mwaka 1975 tu. Na kobalti yetu ina kazi ya pekee: zinki haina rangi, haionekani, lakini ukiiweka kobalti mahali pake katika anhidrasi ya kaboni (kimeng'enya chenye zinki), kimeng'enya kinaendelea kufanya kazi na kinapata rangi unayoweza kuifuatilia kwa spektrofotometa, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa na myeyusho. Ningekuwa wewe, hapo ndipo ningeelekea baada ya viazi.

Wiki hii lakini usiguse protini. Pima maji, bafa na mrija mtupu, kila kimoja mara tatu, unitumie namba.