Mnaoanza CS mwaka huu, fursa huwa zimeshaanza kabla tangazo halijakufikia

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza sayansi ya kompyuta, karibuni sana. Nataka niwaambie kitu ambacho natamani kuna kaka au dada angenikalisha chini aniambie siku ile nashusha begi hosteli.

Kila mwaka mwishoni mwa Machi kuna mtu atatupia kwenye grupu la darasa tangazo la Google Summer of Code (GSoC), mpango wa Google wa kulipa watu wanaochangia programu, limeforwadiwa mara nyingi mpaka halina mwenyewe, dedlaini imebaki siku mbili, watu wanaweka dole gumba, wengine wanakesha wanaandika propozo, yaani maelezo ya kazi unayotaka kufanya, halafu Mei majina yanatoka na darasa zima hamna hata mmoja. Hapo ndo utasikia hizi fursa sio za watu wa kwetu, ni za wenye koneksheni. Jamani hapana. Waliopita walikuwa wameshaingia ndani ya ile miradi tangu mwaka jana, wanajulikana kwa majina, propozo yao ilikuwa inamalizia tu mazungumzo yaliyoanza zamani.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale wa siku mbili. Mwaka wa pili niliandika kurasa nane, nikatuma kwenye mradi ambao sikuwahi kumsalimia mtu wake hata mmoja wala kuiwasha programu yao kwenye mashine yangu. Nikakataliwa na iliniuma kweli, lakini nikikaa leo kwenye nafasi ya yule aliyesoma ile propozo nisingempa mtu kazi ya miezi mitatu kwa maneno matupu.

Sasa tuielewe hii kitu yenyewe inavyokwenda. Google Summer of Code ilianza 2005. Google analipa ila kazi unafanya na mradi wa programu huria, yaani zile programu ambazo mtu yeyote anaweza kusoma ndani yake na kurekebisha, na mradi unakupa menta wa kukuongoza. Lazima uwe na miaka 18, na tangu 2022 sio lazima hata uwe mwanafunzi ilimradi bado ni mchanga kwenye programu huria. Miradi inatangazwa Februari, propozo zinapokelewa Machi mpaka mwanzoni mwa Aprili na unaruhusiwa kutuma mpaka tatu, kazi inakuwa ya masaa kama 90, 175 au 350. Hela inategemea ukubwa wa kazi na nchi uliyopo, kuanzia dola 750 mpaka 6,600. Kwa mtu anayehesabu siku za boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, hiyo sio hela ndogo. Ila angalia hapo katikati, kati ya Februari na Aprili ni wiki chache sana, na hizo wiki ndo zenye test na asaimenti za chuo, kwa hiyo ukisubiri Februari ndo uanze kuutafuta mradi umeshachelewa. Anza Novemba, Desemba.

Unaanzaje? Mimi mara ya pili nilichagua mradi wa mfumo wa hospitali. Mama yangu ni nesi, nimekua naona mafaili ya khaki yanatafutwa masijala mgonjwa amekaa kwenye benchi anashikilia tumbo, kwa hiyo nilijua ile programu inatatua shida gani kabla sijaelewa hata mstari mmoja wa Java yake, lugha ya programu iliyoandikiwa. Kilichonitesa kwanza haikuwa kuandika chochote, ilikuwa ni kuifanya tu iwake kwenye laptopu yangu ya RAM giga 4. Bando la usiku linaanza saa sita, Maven, zana ya kukusanya vipande vya Java, inashusha mafaili moja baada ya jingine, mistari inapita inapita, saa tisa bando limekata katikati, kesho usiku naanza tena. Usiku wa nne ikawaka. Kumbe shida nyingine yote ilikuwa sentensi moja kwenye maelekezo, ilitaja toleo la Java ambalo halitumiki tena. Nikairekebisha hiyo sentensi moja nikatuma. Keshokutwa yake mtu ambaye mpaka leo sijui yuko nchi gani akanijibu asante, akaniuliza kama naweza kuongeza maelezo kwa wanaotumia Windows, nikaongeza, ikapokelewa.

Sentensi moja! Lakini kuanzia hapo nilikuwa na jina pale. Wiki mbili baadaye nikachukua bagi ndogo, yaani kosa kwenye programu, mtoto wa siku tatu alikuwa anaonekana kwenye skrini ana umri wa mwaka 0 basi, wakati nesi anataka kuona siku kwa sababu dozi ya kichanga inaenda na siku na uzito. Nilidhani ni kazi ya saa moja, ilichukua siku kumi na moja. Nikatuma, nikaambiwa andika na jaribio la kuthibitisha, sikujua jaribio linaandikwaje, nikajifunza, nikarudishwa tena kwa sababu sikuwa nimefikiria mtoto aliyezaliwa tarehe 29 Februari. Hayo majibizano ndo yalinifundisha kazi kuliko semista nzima ya lekcha, na yale majibizano yako wazi mpaka leo, intavyuu yangu ya kwanza ya ajira yule bosi aliyafungua akayasoma mbele yangu.

Kama unatafuta miradi iliyo karibu na maisha yetu iko mingi. OpenMRS ni mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza 2004 na Eldoret pale Kenya ni kati ya sehemu za mwanzo kabisa kuutumia, KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Takwimu za afya za nchi yetu Tanzania zinakusanywa kwenye DHIS2 ambayo inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa nayo miaka mingi. Wengi wetu tunadhani programu huria ni kitu cha mbali, kumbe dispensari ya kijijini kwenu inaitegemea.

Dada zangu, Outreachy msiiache, nayo ni kazi ya kulipwa kwenye programu huria. Inakuja mara mbili kwa mwaka, ni miezi mitatu, masaa 30 kwa wiki unafanyia popote ulipo, malipo ni dola 7,000. Imewekwa kwa ajili ya watu ambao kwenye teknolojia ya nchi zao ni wachache au wanabaguliwa. Kwanza unajibu maswali ya insha kuhusu maisha yako, usijibu kwa mistari miwili, eleza kweli kweli, kama darasani mko wasichana saba kwenye watu sabini andika hivyo na andika inakuathiri vipi kwenye kazi za grupu ambako wewe ndo unapewa kuandika ripoti na wavulana wanaandika programu. Ukipita hapo unachagua mradi na unaanza kuchangia, na bila mchango hawakuchagui. Angalia kalenda yao mapema maana wanataka kujua likizo za chuo chako zinaanza na kuisha lini.

Halafu kuna kitu tunacho sisi ambacho mwanafunzi wa Ulaya hana, nacho ni Kiswahili. Mashine zinafundishwa lugha kwa sauti na maandishi, na yetu bado ni machache ukilinganisha na lugha kubwa. Common Voice ya Mozilla inapokea sauti za Kiswahili, unasoma sentensi au unahakiki za wenzako, simu inatosha. Mtu wa Pemba na mtu wa Bukoba hawatamki sawa na kompyuta inatakiwa isikie wote. Ukitaka kwenda ndani zaidi kuna Masakhane, jumuiya ya watafiti wa lugha za Afrika, wanapokea hata wasio na digrii. Na kuna Deep Learning Indaba, mkutano wa Waafrika wa akili mnemba ulioanza Johannesburg 2017, ukafika Nairobi 2019, Dakar 2024, Kigali 2025. Maombi yanafunguliwa miezi kadhaa kabla na wapo wanaosaidiwa nauli, sasa mwanafunzi aliyewahi kufanya hata kautafiti kadogo ka maneno ya Kiswahili anakuwa na la kuandika kwenye fomu.

Mashindano ya ICPC, ya vyuo vikuu ya kutatua maswali kwa kuandika programu, nayo ni mazuri, watu watatu, kompyuta moja, masaa matano. Tafuta wawili mnaoelewana mwaka wa kwanza huu huu mfanye mazoezi Codeforces, tovuti yenye maswali ya aina hiyo, hata msiposhinda mtakuwa mmejifunza kufikiri pamoja.

Field sasa, yaani mafunzo kwa vitendo ofisini. Hapa ndo wengi tunapotea. Tunapeleka barua mwezi wa sita popote penye nafasi. Mimi nilipelekwa ofisi moja wiki nane nikawa nabadilisha wino wa printa na kupandisha mafaili ghorofani, logibuku najaza maneno makubwa ambayo roho inanisuta. Barua peleka Januari, Februari. Na unapoenda kuomba uliza kwa adabu nitakuwa chini ya nani na kitengo chake kinatengeneza nini, wakishindwa kukujibu tafuta kwingine ukiwa bado na muda. Beba kitu cha kuonyesha, hata kama ni programu ya duka la shangazi yako inayohesabu unga na sukari, ilimradi inafanya kazi. Mlioko Dodoma Mamlaka ya Serikali Mtandao ina kituo cha ubunifu kinachopokea wanafunzi, mlioko Dar ingieni Buni Hub, kituo cha ubunifu pale COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Kijitonyama muulize kuna nini mwezi huu.

Kuhusu hela, fursa ya kweli haikuombi ada ya fomu. GSoC hawachukui hata shilingi, Outreachy vile vile. Ukiambiwa tuma elfu ishirini ya usajili kwa namba ya mtu, achana nayo na uwaonye wenzako kwenye grupu. Pia kitambulisho cha chuo kina thamani sasa hivi kuliko baada ya kugradueti, kitumie kupata GitHub Student Developer Pack, kifurushi cha wanafunzi cha GitHub, mtandao wa kuhifadhi programu, zipo zana za kulipia utazipata bure.

Wengine mtaniuliza kuhusu kuandikiwa propozo na akili mnemba. Itumie kukueleza kitu usichokielewa, hapo inasaidia sana, lakini menta anasoma propozo nyingi na zile zilizotoka kwenye mashine zinafanana kama mayai, swali moja tu akikuuliza kuhusu programu yake utakwama. Na masomo msiyatupe kwa ajili ya haya, nimeona mwenzetu anapiga kazi nzuri mtandaoni huku sapu, yaani mitihani ya kurudia, zinarundikana mpaka akadisko, akaondolewa chuo, na alikuwa mkali kutuzidi sote.

Mwisho, kuuliza. Utakwama, kila mtu anakwama. Kwenye miradi hii usiandike "habari, naomba msaada" ukanyamaza, watu wako masaa tofauti, akijibu "habari" wewe umelala. Andika yote kwa mpigo mmoja: unatumia mashine gani, ulifuata hatua zipi, kosa limesemaje, na lile kosa kopi maandishi yake yote usipige picha ya skrini kwa simu, halafu sema umeshajaribu nini. Kiingereza kikiwa cha kuungaunga hakuna atakayekucheka, changu kilikuwa hivyo hivyo na walinijibu.