Utafiti wa Macho kwa Kompyuta: Anza na Rejista Kabla ya Programu

Wanafunzi wa udaktari, wa optometria (upimaji wa macho) na wa sayansi ya kompyuta wanaorudi nyumbani Tabora kufanya utafiti huja mara nyingi na wazo linalofanana: kukusanya picha za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) za wagonjwa wa kisukari na kuifundisha kompyuta itambue dalili za hatari kabla mgonjwa mwenyewe hajaanza kupoteza uwezo wa kuona. Wazo hilo lina msingi. Mwaka 2016 watafiti wa Google walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya programu iliyofundishwa kwa picha 128,175 za retina, na Aprili 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu mfumo wa IDx-DR utoe majibu ya uchunguzi wa aina hiyo bila kusubiri daktari wa macho aisome picha. Kazi yangu ni kutunza na kuchambua takwimu za kliniki, na ushauri wangu kwa wanaonijia ni kwamba wasiguse programu yoyote mpaka waelewe jinsi taarifa zao zinavyoandikwa, kwa sababu tasnifu nyingi nilizoona zikikwama zilikwamia kwenye jedwali, si kwenye hesabu za kompyuta.

Chukua kipimo cha kawaida kabisa, kile cha uwezo wa kuona. Tangu Mholanzi Herman Snellen alipotoa chati yake mwaka 1862, matokeo huandikwa kama sehemu: 6/12 humaanisha kwamba mgonjwa aliye umbali wa mita 6 anasoma mstari ambao mwenye macho mazima angeusoma akiwa mita 12. Kwenye rejista ya karatasi hakuna tabu. Lakini ukiihamishia Excel bila kuiandaa safu, 6/12 inageuka kuwa tarehe, 6/9 vilevile, na 6/60, yaani mtu mwenye shida kubwa ya kuona, inageuka kuwa Juni 1960. Nimewahi kuletewa jedwali ambamo safu hiyo ilisomeka kama orodha ya siku za kuzaliwa, na mwenye kazi alikuwa ameshafuta mistari mingi akidhani ni tarehe zilizoingizwa mahali pasipo pake. Asicheke mtu: mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilieleza kwamba imelazimika kubadili baadhi ya majina hayo kwa sababu majedwali yalikuwa yakiyageuza kuwa tarehe.

Kinga yake ni kuipanga safu iwe ya maandishi kabla ya kuandika namba ya kwanza, au kutumia safu mbili, moja ya umbali na nyingine ya mstari uliosomwa. Unapofika kwenye uchambuzi, usitafute wastani wa sehemu hizo moja kwa moja. Zigeuze kwanza ziwe kipimo cha logMAR, kipimo cha logariti ambacho namba yake ikipanda uwezo wa kuona umeshuka, na ambamo 6/6 ni 0, 6/12 ni takriban 0.3 na 6/60 ni 1. Mgonjwa anayeweza kuhesabu vidole tu hana sehemu ya kuandikwa, kwa hiyo amua mapema utampa namba gani, na uamuzi huo uandike kwenye pendekezo la utafiti.

Chati yenyewe nayo ikaguliwe kwa rula. Herufi ya mstari wa 6/60 katika chati ya mita 6 inapaswa kuwa na kimo cha milimita 87 hivi, na ile ya 6/6 karibu milimita 9. Chati iliyochapishwa kutoka intaneti kisha ikatolewa nakala mara kadhaa husinyaa, na hapo kila mgonjwa uliyempima ataonekana ana macho mabovu kuliko alivyo. Kwa wazee wa Uyui au Sikonge wasiosoma, tumia chati ya herufi E inayogeuzwa, ukimwomba mzee aoneshe kwa mkono upande ambao miguu ya E imeelekea. Ukimuuliza tu kama anaona, atakuitikia "naona, mwanangu" kwa adabu, na hutakuwa umepima kitu.

Sasa tuje kwenye picha, ambako ndiko matokeo mazuri mno huzaliwa. Mtu mmoja ana macho mawili yanayofanana sana, na kisukari huyaathiri yote. Programu ikifundishwa kwa jicho la kulia la mgonjwa kisha ikajaribiwa kwa jicho lake la kushoto, ni sawa na mwanafunzi kupewa mtihani ambao majibu yake alishayaona. Unapotenga picha za kufundishia na za kujaribia, gawa kwa namba ya faili la mgonjwa, kamwe usigawe kwa picha, na aliyehudhuria kliniki zaidi ya mara moja abaki upande mmoja kwa picha zake zote. Nikisikia mtu ana picha chache na amepata usahihi wa asilimia 99, swali langu la kwanza ni hilo. Swali la pili ni wagonjwa walikuwa wangapi, kwa kuwa kama kati ya watu 100 wenye ugonjwa ni 5, programu inayosema kila mtu ni mzima itakuwa sahihi kwa asilimia 95 na haitamsaidia yeyote.

Kuna pia picha zinazotupwa. Google walipoupeleka mfumo wao kwenye kliniki za Thailand, takriban moja ya tano ya picha zilikataliwa kwa kukosa ubora, na mwanga wa vyumba ulikuwa miongoni mwa sababu. Vyumba vyetu vina madirisha mapana na jua la Tabora halina mzaha, basi beba pazia zito na upige picha kwenye giza ili mboni ipanuke. Hata hivyo tatizo zito zaidi liko kwa wenye mtoto wa jicho, ambao picha zao hutoka na ukungu hata ufanyeje. Ukizifuta kimyakimya, umewaondoa wazee, na programu yako itakuwa imejifunza macho ya vijana. Picha kama hizo ziwekwe kwenye kundi la "haisomeki", zihesabiwe na zitajwe katika matokeo. Kwenye kliniki halisi, wagonjwa hao ni wa kupelekwa kwa daktari.

Anayeamua kila picha ina dalili za ugonjwa au haina asiwe mmoja. Tafuta wasomaji wawili wasioonyeshana majibu, upime makubaliano yao kwa kappa ya Cohen (kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale yanayotokea kwa bahati tu), na penye mvutano aamue daktari bingwa.

Kuhusu vibali sina mengi: kibali cha maadili kinachopitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au kamati ya chuo chako kiombwe mapema kuliko unavyodhani, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama kompyuta mpakato ni yako. Kamera nyingi za retina huandika jina la mgonjwa pembeni mwa picha yenyewe, kwa hiyo kubadili jina la faili hakutoshi. Fungua picha, kata ukingo ule, kisha ndipo uihifadhi.